Inoki alilala chali mbele ya Ali: je, bado ni mmoja wa wakubwa wa mieleka?

*"Mimi ni mtu wa Bukoba, umri wangu umevuka hamsini. Mpwa wangu wa kidato cha pili amezama kwenye mieleka ya Kijapani, na kila siku ananiambia kwamba Antonio Inoki ni mmoja wa wanamieleka wakubwa kuliko wote waliowahi kuishi. Nikamwambia anionyeshe. Akaniwekea kwenye simu pambano lake na Muhammad Ali la mwaka 1976. Nilichoona ni mtu mzima amelala chali raundi 15 anarusha mateke kama mtoto aliyenyimwa andazi. Halafu mieleka hii si inapangwa? Na nasikia kampuni ilikuwa yake mwenyewe, kwa hiyo alijipangia kushinda. Mpwa wangu anasema pia kwamba Inoki alitaka kupigana na Idi Amin, jambo ambalo sisi tuliokimbia Kagera utotoni tunaliona porojo tupu. Naomba unieleze bila kupepesa macho: ni mkubwa kweli, au ni sifa za kupakwa? Jingine: mpwa wangu na wenzake wameanza kurushana kwa shingo kwenye godoro nyuma ya nyumba. Niwaache?"*

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho, maana haliwezi kungoja. Usiwaache. Mieleka ya kwenye runinga ina mpango, lakini sakafu haina mpango. Tarehe 13 Juni 2009, mjini Hiroshima, Mitsuharu Misawa alibebwa kwa nyuma na kupinduliwa, pigo alilokwisha kulipokea mara zisizo idadi tangu aanze kazi mwaka 1981. Kwa maoni yangu Misawa ni miongoni mwa watu waliojua kuanguka kuliko karibu wote waliopanda ulingoni. Usiku ule hakuinuka. Uti wa mgongo uliumia shingoni, na akafariki usiku huohuo akiwa na miaka 46.

Kijana anayejiunga na kambi ya mieleka Japani hafundishwi kwanza kumrusha mtu. Anafundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo wa juu upokee uzito kwa upana wake, mikono ipige sakafu ili nguvu isambae, kichwa kisiguse chini. Anarudia hayo kwa miezi mingi, huku akiwafulia na kuwapikia wakubwa zake. Mpwa wako na wenzake wameruka hatua hiyo yote wakaenda moja kwa moja kwenye kurushana. Kama kuna aliyekwisha kuangukia kichwa au shingo, na anasikia maumivu ya shingo, ganzi mikononi au miguuni, au mkono umelegea, asiinuliwe, asikalishwe, wala asikandwe na mtu yeyote. Alale palepale, kichwa kishikwe kisiyumbe, aitwe mhudumu wa afya. Na hata maumivu yakipoa yenyewe, apelekwe hospitali akaonwe na daktari ana kwa ana. Kama mapenzi yao kwa mchezo ni ya kweli, watafutie mwalimu wa judo au wa mieleka ya Olimpiki mwenye mikeka inayofaa. Somo la kwanza litakuwa kuanguka, nao watalalamika. Waache walalamike.

Sasa tumgeukie Inoki.

Nikiuelewa vizuri wasiwasi wako, unauliza hivi: utampimaje ukubwa mtu ambaye ushindi wake uliamuliwa ofisini, tena ofisi yenyewe ikiwa yake? Ni swali zuri, na mashabiki wengi wa mieleka hulikwepa kwa kukasirika.

Ndiyo, matokeo hupangwa. Wanaume wawili wanapanda ulingoni wakiwa wamekubaliana nani atabanwa mabega chini. Kinachobaki wazi ni namna watakavyofika hapo, na hapo ndipo kazi ilipo. Mwanamieleka ana majukumu mawili yanayovutana: amlinde mwenzake asiumie, na wakati huohuo amfanye mtu wa safu ya nyuma kabisa aamini kwamba mwenzake anaumizwa. Akizidisha ulinzi, watu wanazomea. Akizidisha ukali, mwenzake anaishia hospitali. Kwa hiyo kuhesabu ushindi wa mwanamieleka ni kazi bure, kama ilivyo kuhesabu mikanda yake. Mkanda hupewa yule ambaye promota anaamini ataujaza ukumbi. Ni ushahidi wa imani ya mfanyabiashara, na kwa Inoki, kama ulivyosema, aliyetoa na aliyepokea walikuwa mtu mmoja. Nusu ya hoja yako nakupa bure.

Mpwa wako labda atakuja na nyota. Mwandishi wa Marekani, Dave Meltzer, amekuwa akitoa nyota kwa mapambano kwa miaka mingi, na vijana wanazichukua kama alama za mtihani wa taifa. Ni maoni ya mtu mmoja, mtu mwenye macho makali, lakini mmoja. Zaidi ya hayo, nyota hizo zimeshamiri tangu miaka ya 1980, wakati kilele cha Inoki kilikuwa miaka ya 1970. Ukimpima kwa nyota utamwonea. Jarida la huyo huyo Meltzer lilipoanzisha ukumbi wake wa heshima mwaka 1996, lilimwingiza Inoki katika kundi la kwanza kabisa, na vigezo vyake vinanifaa hata mimi: uwezo ulingoni, uwezo wa kuwafanya watu walipe kiingilio, na alama aliyoiacha katika mchezo. Nitavitumia hivyo, lakini sitavipa uzito sawa, maana Inoki mwenyewe hakuwa sawa katika vyote.

Alizaliwa Yokohama tarehe 20 Februari 1943, jina lake Kanji Inoki. Mwaka 1957 familia ilihamia Brazil, na kijana akafanya kazi ya sulubu katika mashamba ya kahawa. Alikuwa mrefu na mwenye mabega, akapata sifa katika kurusha tufe na kisahani. Rikidozan alipofika Brazil mwaka 1960 alimwona, akamchukua kurudi naye Japani. Rikidozan ndiye aliyeifanya mieleka kuwa mchezo wa taifa zima baada ya vita, na mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Korea, jambo lililofichwa kwa umma wa Kijapani enzi za uhai wake. Tarehe 30 Septemba 1960 wanafunzi wake wawili walianza kazi siku moja: Inoki na Giant Baba. Kila mmoja alikuwa na mpinzani wake: Baba alishinda, Inoki akashindwa. Rikidozan alichomwa kisu katika klabu ya usiku Tokyo mwezi Desemba 1963 akafariki siku chache baadaye, na wanafunzi hao wawili wakaja kugawana urithi wake. Inoki alifukuzwa katika kampuni aliyoiacha Rikidozan mwishoni mwa 1971, akaanzisha yake, New Japan, mwezi Januari 1972. Baba naye akaanzisha All Japan mwaka huohuo.

Hapa kuna jambo dogo ambalo watu wanaosema "alijipangia kushinda" hawalijui. Onyesho la kwanza la New Japan, Machi 1972, lilimalizika kwa mwenye kampuni kushindwa. Alimpa ushindi Karl Gotch, mwalimu wake wa ufundi wa kukaba na kufunga viungo. Baba ndiye aliyekuwa na uhusiano mzuri na mapromota wa Marekani na aliyeletewa majina makubwa. Inoki hakuwa nayo. Ilibidi auze kitu kingine, na alichouza ni dai moja zito: kwamba mieleka ni sanaa ya mapigano yenye nguvu kuliko zote, na yeye yuko tayari kulithibitisha mbele ya mtu yeyote. Kila kitu alichofanya baadaye, chenye akili na cha kipuuzi, kinatokana na dai hilo.

Je, alijua kazi ulingoni? Alijua sana, kwa muda. Muombe mpwa wako akuonyeshe pambano lake na Mwingereza Billy Robinson la tarehe 11 Desemba 1975, katika ukumbi wa Kuramae, Tokyo. Ni dakika 60, mtindo wa kushinda mara mbili kati ya tatu. Robinson alikuwa fundi wa shule ya Wigan, watu waliofundishwa kufunga viungo kwelikweli. Anapata pointi ya kwanza, muda unayoyoma, na ilipokaribia kwisha kabisa Inoki anamkaba kwa ule mkabo wake wa pweza, mguu juu ya shingo, mkono umevutwa, na Robinson anasalimu amri. Pointi moja kwa pointi moja, sare. Hakuna kuruka kutoka juu ya kamba. Angalia jinsi wanavyopigania kiganja tu, dakika nzima, na ukumbi umenyamaza. Ukimaliza pambano hilo ukasema Inoki hajui mieleka, basi sina la kukusaidia.

Lakini nikuambie na upande wa pili. Miaka ya 1980 mapambano yake mengi yanachosha. Mwili ulichoka, kisukari kikamwingia, na alitegemea sura yake, kidevu kile kirefu na macho yale, pamoja na teke la kisogo. Oktoba 1987 alipambana na Masa Saito katika kisiwa cha Ganryujima, mahali palipopata jina kwa pambano la panga la Miyamoto Musashi, bila watazamaji, kwa zaidi ya saa mbili. Kama habari ya gazeti ni tamu. Kama pambano, sijapata mtu aliyelitazama mara ya pili kwa hiari. Kwa ufundi mtupu wa ulingoni, Japani imetoa watu waliomzidi: Jumbo Tsuruta, Misawa niliyemtaja, Kenta Kobashi, Jushin Liger. Mpwa wako akikataa hili, usibishane naye, mwambie akuwekee Misawa na Toshiaki Kawada wa tarehe 3 Juni 1994.

Kigezo cha pili hakina mjadala. Kwa miaka mingi kipindi cha New Japan kilirushwa Ijumaa saa mbili usiku, saa ya kula na familia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kikivuta zaidi ya asilimia 20 ya watazamaji. Watu walimwamini. Tarehe 2 Juni 1983 kulikuwa na fainali ya mashindano makubwa ambayo kampuni ilikuwa imeyatangaza kwa muda mrefu, na taifa zima lilijua Inoki atashinda. Hulk Hogan, ambaye Bukoba nzima inamjua, alimpiga kwa mkono shingoni, Inoki akaanguka nje ya ulingo, akarudishwa ndani ulimi ukiwa nje, hana fahamu. Hogan akatangazwa mshindi, mgonjwa akakimbizwa hospitali, na ikawa habari ya kitaifa. Mpaka leo wenzake waliokuwa pale wanatofautiana kama lilikuwa tukio la kweli au aliamua mwenyewe bila kumwambia mtu. Unaona? Mtu aliyeweza kuwafanya wafanyakazi wa kampuni yake, watu wanaojua siri zote za jikoni, wasijue kama anaigiza, huyo kipaji chake si cha kawaida. Mimi binafsi naamini aliamua mwenyewe.

Sasa twende kwa Ali, kwa sababu hapo ndipo ulipomhukumu.

Ulichokiona tarehe 26 Juni 1976 katika ukumbi wa Nippon Budokan ni jambo la nadra. Mieleka mingi uliyowahi kuitazama ilikuwa na matokeo yaliyopangwa. Hili, kwa jinsi wachunguzi wengi na waliokuwamo wanavyolieleza, halikuwa na matokeo yaliyopangwa. Mazungumzo ya kulipanga yalivunjika. Upande wa Ali ukahofia bingwa wao wa dunia kuvunjwa mkono au mguu, na upande wa Inoki umeshikilia miaka yote kwamba alibanwa kwa kanuni kiasi kwamba kutupa, kukaba na kupiga teke akiwa wima vikawa karibu haviwezekani. Jiweke mahali pake. Mbele yako yuko bondia bora wa uzito wa juu duniani, na glavu zake ni nyepesi kuliko za ngumi za kawaida. Ukisimama naye, ni sekunde tu. Ukimrukia umkamate kiuno, ngumi inakutana nawe njiani. Njia pekee iliyobaki ni kukaa mahali ambapo ngumi haifiki. Ngumi haifiki chini.

Kwa hiyo alilala, na akawa anapiga paja la kushoto la Ali, na goti, na nyuma ya goti, raundi baada ya raundi. Ali katika raundi 15 alirusha ngumi za kuhesabika kwa vidole. Watu waliolipa pesa nyingi walizomea na kutupa takataka, na waamuzi wakatoa sare. Kwa burudani ilikuwa balaa. Lakini muulize mguu wa Ali. Ulivimba, ukapata maambukizi na damu ikaganda ndani, akalazwa hospitali aliporudi Marekani, miezi mitatu kabla ya kupigana na Ken Norton. Miaka mingi baadaye, mapigano mchanganyiko (ngumi, mateke na kukabana kwa pamoja) yalipokuja, watu wakaona teke lile la chini na mtu yule aliyekaa chali mbele ya aliyesimama, wakasema: kumbe tulishaliona. Ulichoniambia kuhusu andazi sikikatai, ilionekana hivyo hasa. Ila ulimwona mtu akifanya hesabu sahihi katika hali mbaya, mbele ya dunia nzima, akijua kwamba atachekwa.

Alichekwa kweli, na New Japan ikabaki na madeni makubwa. Lakini Ali na yeye wakawa marafiki. Ule wimbo wa watu wa Kinshasa waliokuwa wakimwimbia Ali usiku wa pambano lake na George Foreman, Oktoba 1974, "Ali, boma ye", uliingia kwenye muziki wa filamu ya maisha ya Ali, na Ali akampa Inoki muziki huo. Ndio aliokuwa akiingia nao ulingoni mpaka anastaafu, ukumbi mzima wa Wajapani ukiimba Kilingala bila kujua. Tarehe 4 Aprili 1998, Inoki alipoaga katika Tokyo Dome mbele ya umati uliotangazwa kuwa watu 70,000, Ali alikuwepo.

Desemba ya mwaka huohuo wa 1976 alikwenda Karachi kupambana na Akram Pahalwan, mtu wa ukoo wenye heshima kubwa ya mieleka ya jadi. Hapo pia mpango uliharibika, na Inoki akamharibu mkono Akram kwa kuukunja. Mwaka 1979 akarudi Pakistan, safari hii Lahore, na aliyemngoja alikuwa Jhara, mtoto wa kaka yake Akram, kijana aliyefunzwa kwa ajili ya kulipa kisasi hicho. Pambano liliisha bila mmoja kumshinda mwenzake, na Inoki akaunyanyua mkono wa kijana juu mbele ya umati wa nyumbani kwake. Wapakistani wanaosimulia mieleka mpaka leo wanamtaja kwa heshima. Nakwambia haya kwa sababu alikwenda kwao. Promota wa kawaida huwaleta wageni nyumbani kwake, na wageni ndio hushindwa.

Na hilo linatufikisha kwa Idi Amin.

Si porojo, ndugu yangu. Mpango ulikuwepo na ulitangazwa mwanzoni mwa 1979. Aliyeusuka alikuwa Yoshio Kou, promota wa vituko wa Kijapani ambaye mwaka 1972 alimleta Ali kupigana Tokyo. Amin, kama mnavyokumbuka wenyewe kwa uchungu, alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika miaka yake ya jeshi la kikoloni, na hakuna sifa aliyoipenda kama hiyo. Pambano lilikusudiwa kufanyika Kampala katikati ya mwaka, na Ali alitajwa kuwa refa. Wakati watu wa Tokyo wakichora mipango hiyo, nyinyi wa Kagera mlikuwa mmeshakimbia nyumba zenu tangu Oktoba 1978 na vijana wetu wa JWTZ walikuwa wakisonga mbele. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, Amin akakimbilia Libya. Kwa hiyo pambano la Inoki na Idi Amin lilivunjwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwambie mpwa wako hivyo, na umwambie kwa sauti.

Nashukuru kwamba halikufanyika. Lingempa dikteta jukwaa huku damu ya watu ikiwa haijakauka, na Inoki angebeba aibu hiyo mpaka kaburini. Hapa ndipo panaponisumbua katika habari zake zote: alikuwa na njaa ya tukio kubwa, na njaa hiyo haikuuliza sana meza ni ya nani. Mwaka 1990, akiwa mbunge wa baraza la juu tangu mwaka uliotangulia, alikwenda Baghdad wakati Wajapani walikuwa wamezuiwa huko kama ngao ya Saddam Hussein. Akaandaa tamasha la michezo mwezi Desemba, wake wa mateka wakaja, na waume zao wakaachiwa. Ni kweli kwamba siku hizohizo Saddam aliwaachia mateka wa mataifa mengine pia, lakini familia zile hazikusahau nani alikwenda wakati wizara ilikuwa bado inaandika barua. Aprili 1995 akapeleka mieleka Pyongyang, Korea Kaskazini, nchi ya asili ya Rikidozan, akapambana na Ric Flair katika uwanja uliojaa watu zaidi ya 150,000 kwa hesabu ya wenyeji. Ni umati mkubwa kuliko wote katika historia ya mieleka, ukiuhesabu. Mimi siuhesabu kama umati uliolipa kiingilio kwa hiari.

Kigezo cha tatu, alama, ndicho kinachomwinua juu ya wengi. Orodha ya waliopita mikononi mwake au katika kambi yake inatisha: Tatsumi Fujinami, Riki Choshu, Akira Maeda, Satoru Sayama, Nobuhiko Takada, Keiji Mutoh. Na wengi wao waliondoka wakiwa wamelichukua lile dai lake kwa uzito kuliko yeye mwenyewe. Alisema mieleka ni mapigano ya kweli, nao wakamwuliza: basi kwa nini tunapanga matokeo? Maeda na wenzake wakajitenga mwaka 1984. Sayama akabuni mchezo wake wa mapigano halisi. Masakatsu Funaki na Minoru Suzuki, waliokulia New Japan, wakaanzisha kampuni ya mapigano halisi, Pancrase, mwaka 1993, wiki chache kabla ya UFC, shindano maarufu la mapigano mchanganyiko, kufanyika mara ya kwanza Marekani. PRIDE, shindano jingine la aina hiyo, ilizaliwa mwaka 1997 ili Takada akutane na Mbrazili Rickson Gracie. Sehemu kubwa ya mapigano mchanganyiko ya Japani ni watoto wa uongo mmoja mzuri wa Inoki, walioamua kuugeuza kuwa kweli. Sijui mwanamieleka mwingine yeyote duniani aliyezaa mchezo mzima kwa namna hiyo.

Deni lake nalo liandikwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kampuni zilizama katika mradi wake wa Brazil, na mwaka 1983 wenzake wakaasi. Tarehe 27 Desemba 1987 mashabiki walifanya ghasia katika ukumbi wa Ryogoku baada ya kubadilishiwa pambano na kuona Inoki akimalizwa na Vader kwa dakika chache, na kampuni ikafungiwa ukumbi huo kwa muda. Baya zaidi lilikuja baada ya kustaafu. Aliwasukuma wanamieleka wa New Japan kwenye mapigano halisi wasiyoandaliwa. Yuji Nagata, mtu hodari na mwaminifu kwa kampuni, alimalizwa na Mirko Cro Cop kwa sekunde 21 tarehe 31 Desemba 2001, na miaka miwili baadaye na Fedor Emelianenko kwa sekunde 62. Mashabiki waliona mabingwa wao wakidhalilishwa, kumbi zikawa tupu, na mwaka 2005 Inoki akauza hisa zake. Kizazi cha Hiroshi Tanahashi kilitumia miaka kujenga upya alichokibomoa mwanzilishi. Anayemsifu Inoki bila kulitaja hili hajamaliza habari.

Basi hukumu yangu, bila kupepesa macho kama ulivyotaka. Kama kipimo chako ni ubora wa pambano kwa pambano, Inoki ni mzuri sana, ila si wa kilele, na hata ndani ya Japani simweki kwenye tano bora. Kama kipimo ni kuwafanya watu waamini na walipe, yumo. Kama ni alama, Japani namweka wa pili nyuma ya Rikidozan, na duniani namweka katika kumi bora bila kusitasita. Mimi hukipa kipimo hiki cha mwisho uzito mkubwa, kwa kuwa ndicho pekee ambacho mwenye kampuni hawezi kujiandikia mwenyewe. Mpwa wako yuko sahihi, ila amekuonyesha ushahidi mgumu kuliko wote kuanza nao.

Mkae mtazame Robinson kwanza, yote, bila kuruka dakika. Kisha Fujinami wa tarehe 8 Agosti 1988, Yokohama, dakika 60 tena, bwana mzee mwenye miaka 45 na mwanafunzi wake. Kisha mrudi kwa Ali, na safari hii mtazame miguu tu. Vipande vya dakika tatu vya kwenye simu havitakusaidia, kwa sababu mieleka ya zama zile ilijengwa taratibu. Na ukikutana na Mjapani wa rika lako, mfanyakazi wa mradi au mwalimu wa kujitolea, muulize Ijumaa saa mbili usiku nyumbani kwao kulikuwaje. Hutapata maelezo bora zaidi ya hayo kwenye maandishi ya mtu yeyote, yangu yakiwamo. Anaweza hata akakusimulia jinsi watu wazima walivyokuwa wakipanga foleni ili Inoki awazabe kofi la kuwapa moyo. Aliendelea kuwazaba mpaka uzeeni, na alifariki tarehe 1 Oktoba 2022 akiwa na miaka 79.

Godoro lile liingizwe ndani leo.